Jogoo wa Kukomboa Lalamiko

Habari ya kifo cha Maganga ilinikuta kwa fundi viatu, sokoni Mpanda, nikiwa nimekaa kwenye benchi na mguu mmoja wenye soksi tu. Mwanawe wa mwisho, mtu mzima sasa mwenye pikipiki ya kubeba abiria, alisimama mbele yangu bila kuzima injini. "Shikamoo mzee. Mtani wako katutoka jana. Tunazika kesho Kasokola, saa nane. Mama anasema usipokuja, kaburi halifukiwi." Kauli hiyo si ya kutisha kwa anayejua mambo yetu. Mimi ni Mfipa, Maganga alikuwa Mnyamwezi, na makabila haya mawili ni watani tangu zamani ambazo sijawahi kupata mtu wa kunieleza vizuri. Mtani unaweza kumtukana mbele ya wakwe zake asikasirike. Unaweza kuchukua kitu chake, kofia, baiskeli, hata mwiko jikoni, ukasema umekiteka, naye atakikomboa kwa kuku au kwa pombe huku akikutukana. Na akifa, ni wajibu wako kwenda msibani kufanya mizaha, kwa sababu watu wakilia siku mbili bila kucheka hata mara moja hawafiki salama makaburini. Nilimwambia kijana nitakuja. Fundi akaniuliza kama kiatu kinabana. Nikasema hapana, ingawa kilikuwa kinabana.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, nina cheti cha kidato cha nne, na nilikuwa karani wa baraza la usuluhishi wa migogoro ya kazi hapa Mpanda, enzi ambazo tulikuwa wilaya tu ndani ya mkoa wa Rukwa na jambo lolote kubwa lilipelekwa Sumbawanga. Baraza lilikuwa watu watatu: afisa kazi ndiye mwenyekiti, mmoja wa upande wa waajiri, mmoja wa upande wa wafanyakazi. Mimi sikuhesabiwa. Nilikuwa mtu wa karatasi. Nilipokea malalamiko, nikagonga muhuri, nikaandika hati za kuitwa, nikapanga viti, na shauri likianza niliandika mwenendo wake kwa mkono, kila neno lililonifikia sikioni. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lililotazama upande wa stesheni, meza iliyofunikwa blanketi la kijani, na harufu ya tumbaku iliyotoka kwenye ghala la jirani na kuingia hata kwenye mafaili. Mpaka leo nikifungua gazeti la zamani huwa naitafuta harufu hiyo bila kukusudia.

Nilikuwa hodari, na hodari huyo ndiye ninayemlaumu. Kanuni za uendeshaji wa baraza zilikuwa kwenye kijitabu chembamba kilichochapwa kwa mashine ya stensili, kurasa nyingine zimefifia. Mimi nilikijua chote kwa kichwa, hata zile kurasa zisizosomeka. Nilijua nani anaanza kusema na nani anafuata. Nilijua shahidi akae wapi wakati mwenzake anahojiwa. Nilijua kwamba mfanyakazi aliyefukuzwa ana siku kumi na nne za kuleta lalamiko lake, na kwamba karani akilipokea lazima aandike tarehe papo hapo, kwa muhuri, au kwa kalamu kama muhuri haupo. Nilijua pia kwamba lililochelewa linaweza kupokelewa iwapo mlalamikaji atatoa sababu ya kuridhisha. Wajumbe waliponihitaji hawakuniita kwa jina. Waliniita Kanuni. "Kanuni, hii inasemaje?" Nami nilisimama na kujibu bila kufungua kitabu, na nilipoketi nilikuwa najisikia mrefu.

Maganga alikuwa mnoaji wa misumeno katika kiwanda cha kupasua mbao kilichokuwa nje kidogo ya mji. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mikono mipana yenye makovu madogo madogo meupe, na tabia ya kupima makali ya kitu chochote alichoshika, hata rula yangu. Tulifahamiana kwa utani kabla ya kufahamiana kwa kitu kingine. Akipita ofisini asubuhi kwenda kazini alichungulia dirishani na kusema, "Mfipa, radi yako iko wapi leo, au umeikopesha?" Nami nilimjibu, "Pita mpagazi, mzigo unakungoja stesheni." Wafipa tunasingiziwa kurusha radi, na Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa misafara ya zamani. Hapo siku inaanza.

Kufukuzwa kwake kulitokana na msumeno mmoja wa duara, mpana kama sinia ya kupakulia wali. Ulikuwa na ufa uliotoka kwenye tundu la katikati kuelekea kwenye meno, mwembamba kama unywele. Mpya ulikuwa haujafika kwa treni, magogo yalikuwa yamelala, na msimamizi akamwambia aufunge huo huo. Maganga akakataa. Alisema msumeno wenye ufa ukizunguka hauchagui wa kumpasua. Msimamizi akamwambia tena, mbele ya watu, naye akakataa tena mbele ya watu hao hao. Jioni akapewa barua ya kuachishwa kazi kwa kukaidi amri halali. Msumeno wenyewe ukatupwa kwenye chuma chakavu nyuma ya kiwanda, na yeye alipotoka getini kwa mara ya mwisho alikuwa ameubeba ndani ya gunia, akasema ni shahidi wake.

Siku ya tisa baada ya barua hiyo alikuja ofisini. Ilikuwa Jumanne asubuhi, kabla ya chai. Bwana Kagoma, afisa kazi, alikuwa Sumbawanga kwenye mkutano, na nilikuwa peke yangu nikipangusa mashine ya kuchapia. Maganga alivaa shati la kwenda kanisani. Akatoa karatasi mbili zilizokunjwa, mwandiko wa mwalimu fulani wa Kawajense aliyemsaidia, akaziweka mezani na kuzilainisha kwa kiganja, akanisalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, Mfipa. Leo sikuja kwa mchezo. Nimeleta shida yangu."

"Shida ya Mnyamwezi haiingii ofisi hii bure," nikasema.

"Nyie Wafipa hata shida ya mtu mnataka kuila?"

"Tunaila kwa ugali." Nikazichukua zile karatasi, nikafungua droo ya chini, nikazitupa ndani na kufunga kwa ufunguo. "Nimeziteka. Ukizitaka, rudi na jogoo. Na awe jogoo, usije na kifaranga umemvalisha kilemba."

Alicheka mpaka akashika meza. Nilifurahi kumchekesha. Mtu aliyeingia na uso wa kufiwa, nimemchekesha. Akasema, "Utamla na mifupa yake ikukwame," akatoka akiwa bado anacheka, na kule nje nikamsikia akimwambia mama wa karanga, "Huyo jambazi humo ndani kaniteka." Muhuri ulikuwa juu ya meza, umbali wa mkono wangu. Kalamu ilikuwa mfukoni.

Nimeyatafakari mara nyingi mawazo yangu ya asubuhi ile, na ukweli ni kwamba hayakuwa mengi. Niliwaza kwamba mkubwa hayupo, kwa hiyo shauri halitasogea hadi arudi. Niliwaza kwamba mchana nitazitoa nizigonge. Mchana ukaja na watu wanne wa mashamba ya tumbaku, kesho yake nikatumwa Sitalike kupeleka hati ya kuitwa kwa mwajiri mmoja, nikalala huko siku mbili kwa kukosa gari, na niliporudi homa ikaniweka kitandani. Lakini homa sikuitaja wakati ule na sitaki kuitumia sasa. Karatasi zilikuwa zimeshasahauliwa kabla ya homa. Maganga kwa upande wake alijua amefikisha lalamiko. Kilichobaki kwake ni mchezo, na mchezo alitaka kuushinda. Akapanda baiskeli hadi Mishamo kwa Mrundi mmoja rafiki yake, mkulima wa maharage, aliyekuwa na jogoo wa kusimuliwa.

Alirudi siku ya kumi na sita. Jogoo alikuwa mwekundu, mkia mweusi, mzito hivi kwamba Maganga alimkumbatia kwa mikono miwili kama mtoto anayepelekwa kliniki. "Haya, jambazi. Huyu hapa. Nipe mateka wangu." Nilipomwona ndipo nilipokumbuka. Nilifungua droo, nikazikuta karatasi chini ya bahasha tupu. Na hapo hapo Bwana Kagoma, aliyekuwa amerudi siku nyingi, akaita kutoka chumba cha pili, "Karani, nani huyo? Ana lalamiko? Ligonge uniletee." Muhuri wetu ulikuwa wa magurudumu madogo ya kuzungusha, siku, mwezi, mwaka. Ulikuwa umewekwa tarehe ya siku ile. Ningeweza kuandika kwa kalamu, "Limepokelewa siku ya tisa, limecheleweshwa na karani," na kutia sahihi. Kanuni iliruhusu. Badala yake nilijiambia kwamba kurudisha tarehe nyuma ni kughushi, na mimi si mtu wa kughushi. Nikagonga tarehe ya leo, nikazipeleka karatasi kwa mkubwa nikiwa na dhamiri safi kabisa. Nimewahi kutenda makosa mengine maishani, lakini hilo ndilo pekee nililolitenda kwa kufuata kitabu.

Jogoo tulimla Jumapili. Nilipanga chumba Makanyagio kwa Mama Tabu, Mbende mmoja mjane, mwembamba, aliyevuta kiko na kupika vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kula kwake. Alimchemsha jogoo huyo tangu asubuhi kwa vitunguu na nyanya chungu, na Maganga akaja mwenyewe kula, maana mtani huja kusimamia fidia yake ili kuhakikisha aliyeteka anaumia. Tulikaa kwenye mkeka chumbani kwangu, mlango wazi. Alichagua firigisi akasema ni ya mlalamikaji. Akanihadithia jinsi Mrundi wa Mishamo alivyokataa mara tatu kumtoa yule jogoo, mpaka akamnolea mapanga yote ya nyumba na ya jirani. Mama Tabu akasimama mlangoni na kiko chake. "Nyie watani, iko siku mtauana mkicheka." Maganga akamwambia, "Mama, huyu hawezi kuniua. Ni karani, ataniandika tu." Tukacheka wote watatu. Nakumbuka mafuta yalivyong'aa kwenye makovu ya vidole vyake, na kwamba alikula kidogo kuliko nilivyotarajia, akaomba mapaja mawili afunge kwenye jani la mgomba awapelekee watoto.

Siku chache baadaye nilikuwa nimelala mchana, homa imenirudia, nikasikia wanawake wawili wakisukana nywele kwenye kibaraza, nyuma ya ukuta wangu. Mmoja akasema, "Unaona karani wetu ananenepa? Anakula majogoo ya wenye kesi." Mwingine akasema, "Siku hizi haki inataka mchuzi." Wakacheka taratibu, bila chuki, kama watu wanavyocheka jambo la kawaida. Nilikaa kitandani. Mpaka dakika ile sikuwa nimemwona yule jogoo kama kitu kingine zaidi ya jogoo wa utani. Sasa nilimwona kwa macho ya Bwana Kagoma, ambaye hakuwa mtu wa huku, alitoka mbali, na kwao hawana desturi hiyo. Karani amezuia lalamiko mpaka aliyefukuzwa kazi akaleta kuku. Sentensi fupi, na kila neno lake kweli.

Shauri lilisikilizwa mwezi uliofuata. Maganga alikuja na mashahidi wawili wa kiwandani, waliohatarisha kazi zao kwa kuja, na gunia lake ambalo alilisimamisha ukutani karibu na miguu yake. Mkewe alikaa benchi la nyuma na mtoto mgongoni. Alikuwa ameniamkia nje vizuri, akaniuliza, "Shemeji, leo yataisha?" Nikamwambia yataisha. Kiwanda kiliwakilishwa na afisa utumishi, kijana aliyevaa tai, mwenye faili jipya. Mwenyekiti alipofungua shauri tu, kijana akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kabla hatujaingia ndani ya shauri, ninalo pingamizi. Lalamiko limeletwa siku ya kumi na sita. Kanuni inasema kumi na nne. Baraza halina la kusikiliza."

Mjumbe wa wafanyakazi, mzee mmoja wa reli, akaguna. Bwana Kagoma akavaa miwani, akaitazama karatasi, akanigeukia. "Karani, muhuri huu ni wako?"

"Ni wangu, mheshimiwa."

"Ulilipokea siku hiyo?"

Niliona mambo mengi kwa wakati mmoja, lakini kilichokuwa mbele zaidi kilikuwa ajira yangu, ule urefu niliokuwa nao ndani ya chumba kile. Nikasema, "Muhuri unaonyesha hivyo, mheshimiwa." Halikuwa neno la uongo. Nilichagua kila silabi.

Maganga akasimama bila kuruhusiwa. "Mwenyekiti, mimi nililileta mapema. Muulizeni huyo Mfipa, ananijua."

Watu wakacheka kidogo. Bwana Kagoma akauliza, "Kulikuwa na mtu mwingine ulipolileta?"

"Tulikuwa wawili. Mimi na yeye."

Maganga akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kufunga kamba za viatu ili waondoke. Mimi niliinamia daftari na kuandika maneno yake, "Tulikuwa wawili." Niliandika taratibu sana. Mzee wa reli akajaribu njia nyingine. "Mwenyekiti, hata kama lilichelewa, kanuni inaruhusu. Mtu aulizwe sababu. Ikiridhisha, tuendelee." Akanigeukia. "Si ndivyo, Kanuni?" Nikasema ndivyo. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi, na nilikuwa nimeusukuma kwa mkono wangu. Bwana Kagoma akamuuliza Maganga, "Sababu gani ilikuchelewesha?"

Nje treni ilikuwa inapanga mabehewa, yanagongana moja baada ya jingine. Maganga akasema, akinitazama mimi wala si mwenyekiti, "Nilikuwa natafuta jogoo."

Chumba kizima kikacheka. Hata kijana wa tai alicheka. Bwana Kagoma akapiga meza. "Hapa si mahali pa mizaha! Mtu anapigania kazi yake analeta habari za jogoo?" Ni watu wawili tu ambao hawakucheka, na mmoja wao alikuwa na kalamu mkononi. Leo naelewa alichokifanya. Hakutaja kutekwa, hakutaja droo, hakunishitaki mbele ya wageni, maana mtani hashitakiwi. Aliweka neno moja mezani na kuniachia mimi nilichukue. Ningesimama tu. Ningesema, "Mheshimiwa, hilo la jogoo nalijua mimi." Pengine ningefukuzwa. Pengine ningepewa onyo. Hata ningefukuzwa, ningekuwa na siku kumi na nne za kuleta lalamiko langu.

Sikusimama. Na kwenye mwenendo, ambako nilitakiwa kuandika kila neno, sikuandika jogoo. Niliandika hivi: "Mlalamikaji ameshindwa kutoa sababu ya kuridhisha." Nilijiambia nalinda heshima yake, asije akaonekana mjinga huko juu. Shauri likatupwa. Mashahidi wawili wakatoka bila kufungua midomo. Gunia halikufunguliwa. Mkewe alisimama mlangoni akiuliza kila aliyepita, "Limekuwaje? Mbona hawajasikiliza?" na alipofika kwangu nikamwambia ni mambo ya utaratibu tu, kuna rufaa. Rufaa nilimwandikia mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Ilikwenda kwa waziri pamoja na nakala ya mwenendo, na ikarudi baada ya miezi na aya moja tu: kwa kuwa kumbukumbu za baraza hazionyeshi sababu yoyote iliyotolewa, uamuzi hautaguswa. Waliamini nilichoandika. Kila karani anaota kuaminiwa hivyo.

Maganga akahamia Kasokola, akalima mahindi na kunoa majembe na mapanga ya watu. Hatukugombana. Tukikutana sokoni alisema, "Mfipa, muhuri mzima?" nami nilijibu, "Mzima, unakutafuta." Tulicheka, lakini tangu mwaka ule hakunichungulia tena dirishani, na wala hakuna aliyewahi kuteka tena kitu cha mwenzake. Miaka michache baadaye na mimi nilipunguzwa kazini, pamoja na wengine wengi. Lalamiko langu nililipeleka siku ya tatu, na nilisimama pale mezani hadi karani mpya alipoligonga muhuri mbele ya macho yangu.

Msibani nilifika saa sita. Bado nilikuwa na kile kiatu. Mjane, mama mtu mzima sasa, kitenge kimefungwa kifuani, aliponiona tu akapaza sauti, "Mwizi wa mume wangu kafika!" na wanawake wakacheka katikati ya kilio, jinsi inavyopasa. Nikatimiza kazi yangu. Nikasema jeneza ni dogo, nikawauliza wachimba kaburi kama wamempimia Mnyamwezi au mbuzi. Halafu, nikiwa nimesimama mbele ya watu wale, nikasema nililokwenda kusema. Nikasema, "Nyie Wanyamwezi, sikilizeni. Huyu hakuchelewa. Lalamiko lake alilileta siku ya tisa. Mimi nililifungia kwenye droo, nikamtuma akalete jogoo, na barazani nikanyamaza. Kazi yake niliiua mimi." Mzee mmoja akapiga makofi, na watu wakaangua kicheko kikubwa kuliko vyote vya siku ile. "Mfipa huyu noma!" "Kaua kazi, kala na jogoo!" Mwenye kusema msibani alikuwa mtani, na maneno ya mtani msibani yanapokelewa hivyo. Nilirudia kwamba ni kweli. Wakacheka zaidi.

Mjane alicheka pia, akifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akanisogelea. "Shemeji, hiyo hadithi ya jogoo alikuwa anaisimulia mwenyewe kila tukipata wageni. Lakini yeye alikuwa anasema kosa ni lake. Alisema kesi ilikufa kwa sababu alichagua jogoo mkubwa mno. Kulikuwa na jogoo mdogo kwa jirani, angemchukua huyo angewahi." Nikamuuliza kama alimtaja karani. "Karani gani?" akasema. "Kwenye hadithi yake hakukuwa na karani."

Kengele ikalia kuita watu makaburini. Inaning'inia kwenye mti mbele ya kanisa dogo pale Kasokola, na nilipoigeukia nikaona ni msumeno wa duara, mpana kama sinia, meno yameliwa na kutu. Alikuwa ameutoa sadaka kwa kanisa yeye mwenyewe, miaka ile ile. Mtu aliupiga kwa chuma, na sauti yake haikuendelea. Ilipasuka na kukatika, kama inavyolia bakuli lenye ufa. Nilisikiliza mapigo yote. Hakuhitajika fundi wa kueleza. Ule msumeno ulikuwa na ufa, na kila aliyekuwepo alisikia.

Baada ya maziko wakanifungia jogoo miguu na kunipa, haki ya mtani. Nilitaka kukataa, lakini kukataa ni kuvunja utani mbele ya kaburi bichi, kwa hiyo nilimpokea na kumpakata hadi Mpanda. Yuko uani sasa ninapoandika, anaparua chini ya kamba ya nguo. Sijui nitamfanya nini. Ninachojua ni kwamba mtu aliyepokea karatasi lazima aandike siku aliyoipokea, kwa muhuri, au kwa kalamu kama muhuri haupo. Muhuri sina tena.

Lalamiko la Maganga, mnoaji wa misumeno, dhidi ya mwajiri wake, limepokelewa nami siku ya tisa, Jumanne, asubuhi kabla ya chai. Limeletwa ndani ya muda. Limecheleweshwa na karani.